Mashahidi Wawili wa Antena

Wazee wetu wa pwani hawakupenda kukisia. Mchele ulipimwa kwa kibaba na pishi, karafuu kwa frasila, kitambaa kwa dhiraa, na kina cha bahari kwa pima. Nahodha aliyekaribia fungu usiku wa giza hakujitia ujuzi wa kuyatazama maji tu. Alitupa bildi, akahesabu pima, ndipo akajua kama chombo kitapita salama au kitapanda mwamba. Na mwenye duka aliyechezea mizani, watu walimjua upesi wakamhama.

Habari ninayotaka kuwasimulia leo, wasomaji wapenzi, ni ya kupima vilevile. Lakini kinachopimwa si mchele wala bahari. Ni kitu kisichoonekana wala kushikika, yaani mawimbi ya redio yapandayo kwenye waya kisha yakaenda zao angani. Wala habari yenyewe haikutokea Mombasa au Lamu. Ilitokea bara, katika mji wa Ruiru, na vifaa vyake vilitoka Thika, kwa mafundi wa jua kali.

Nilikwenda Ruiru mwezi wa Julai kumtazama dada yangu, aliyeolewa na mtu wa Lamu anayekaa huko. Baridi ya Julai huko bara sisi watu wa pwani huijua kwa kusimuliwa. Ukifika ndipo unapofahamu kwa nini wenyeji hulala na mablanketi mawili. Dada ana duka la rejareja chini ya jumba la ghorofa nne, nao wenyewe wanakaa ghorofa ya juu kabisa. Shemeji ni fundi wa simu aliyestaafu, na kwa miaka mingi amekuwa na leseni ya redio ya ridhaa.

REDIO YA RIDHAA NI NINI?

Huenda wako wasomaji wasioijua redio ya namna hii. Si ile ya kusikiliza taarifa ya habari na taarabu. Ni redio ya mtu binafsi ya kusema na kusikia, ambayo kwayo mtu wa Ruiru aweza kuzungumza na mtu wa Brazil au wa Japani bila kupitia kampuni yoyote ya simu. Hapa Kenya leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na kila mwenye leseni hupewa alama ya kujitambulisha. Alama za Kenya huanza kwa 5Z4. Siku za ukoloni zilianza kwa VQ4, na za Unguja zilianza kwa VQ1. Siku hizi Tanzania ina 5H, Uganda 5X, na Oman A4. Biashara hairuhusiwi katika mazungumzo hayo, wala maneno ya siri. Umoja wa kimataifa wa watu hawa uliundwa Paris mwaka 1925, na hapa kwetu wana chama chao, Amateur Radio Society of Kenya.

Tangu mwanzo watu hawa wamekuwa na desturi moja inayowatenga na wasikilizaji wa kawaida. Hawakungoja kuuziwa kila kitu. Mitambo, antena na vipimo, vingi walivitengeneza kwa mikono yao, kwa viungo vya redio mbovu na mikebe mitupu.

Basi shemeji ana ahadi ya kila Ijumaa baada ya alasiri na binamu yake aliyehamia Muscat. Simu ya mkononi ipo, na kwa simu huambiana habari za harusi na matanga. Lakini ahadi ya redio waliianza wakiwa vijana, na hawakutaka kuivunja. Sasa, tangu mvua za masika zilipokwisha, jambo la ajabu likatokea. Shemeji alimsikia binamu yake, lakini binamu hakumsikia yeye, au alimsikia kwa shida, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi.

Kati ya mtambo na antena shemeji alikuwa amefunga kipimo cha kununua dukani, na sindano yake ilionyesha kwamba antena haina kasoro hata kidogo. Kwa hiyo akatoa hukumu: kama antena ni nzima, basi mtambo ndio uliokufa. Akaanza kuzungumza habari ya kununua mwingine. Na fedha zilizokuwapo ni akiba ya duka.

Dada alinieleza haya jikoni, kwa sauti ya chini, huku akikuna nazi. "Kaka, mseme wewe," aliniambia. "Mimi nikisema ataona namzuia starehe yake. Lakini fedha hizo ni za kujazia duka mwezi ujao."

MAWIMBI YANAYORUDI

Jioni nilimwomba shemeji anifundishe kwanza kipimo chake kinapima nini. Hakunijibu kwa hesabu. Aliniuliza, "Shemeji, wewe umekulia Mombasa. Umepata kusimama Mama Ngina wakati wa kusi?"

"Mara nyingi."

"Wimbi likija likagonga mwamba hufanya nini?"

"Hurudi."

"Na likirudi likakutana na jingine linalokuja?"

"Maji hupanda na kushuka palepale, kama yanayochemka."

"Basi ndiyo hayo," akasema.

Mtambo wa redio husukuma mawimbi ndani ya kebo mpaka kwenye antena. Kebo nyingi za kazi hii zimetengenezwa kwa kiwango cha omu 50, na mtambo nao hutaka kuona omu 50 mbele yake. Antena ikilingana na kiwango hicho, mawimbi yote huingia kwenye antena na kwenda angani, kama wimbi linalopanda ufuo wa mchanga likaishia huko. Antena isipolingana, sehemu ya mawimbi hugonga na kurudi. Yanayokwenda na yanayorudi yakikutana ndani ya kebo huzaa mawimbi yaliyosimama. Uwiano wake mafundi huuita kwa herufi tatu tu, SWR.

Uwiano wa 1 maana yake hakuna kinachorudi. Uwiano wa 1.5, nguvu inayorudi ni asilimia 4. Uwiano wa 2, ni asilimia 11. Uwiano wa 3, ni robo nzima. Mitambo mingi ya siku hizi ikihisi uwiano umepita 2 au 3 hujipunguzia nguvu yenyewe, na ile isiyo na kinga hiyo huweza kuungua. Mimi mwenyewe katika ujana wangu nilipata kuunguza mtambo wa kuazima kwa kufungua nguvu kabla ya kupima, na aibu yake sijaisahau. Kwa hiyo nilimwelewa shemeji aliposema kwamba mtu asiye na kipimo ni kama dereva aliyefumba macho.

"Lakini hicho chako kina kosa gani hata huridhiki?" nilimwuliza.

"Kosa lake ni kwamba sijui kilichomo ndani," akasema. "Kimefungwa. Kinaniambia, nami naamini. Kesho tutakwenda Thika, tutengeneze kingine tutakachokijua kila kiungo chake. Vikisema mamoja, nitanunua mtambo."

SAFARI YA THIKA

Kutoka Ruiru mpaka Thika si mbali, matatu hupita Juja, penye chuo kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoanza kufundisha mwaka 1981. Thika ni mji wa viwanda, na penye viwanda hapakosi mafundi, na penye mafundi hapakosi vyuma vikuukuu. Tulizunguka katika vibanda vya jua kali ambavyo ndani yake redio, tepu rekoda na televisheni zimerundikwa mpaka darini.

Shemeji alichagua tepu rekoda moja yenye kidirisha cha sindano, ile iliyokuwa ikicheza kwa kufuata sauti. Kijana mwenye kibanda akatuonea huruma. "Mzee, hiyo imekufa kabisa," akasema.

"Najua, kijana wangu. Sitaki uhai wake, nataka sindano yake."

Kutoka redio mbovu ya zamani alitoa dayodi mbili za jemaniamu, zile za kigae zinazong'aa kama ushanga, pamoja na kapasita ya kuzungusha, ile iliyokuwa ikitafuta stesheni. Jemaniamu alizitaka makusudi. Dayodi ya silikoni haiamki mpaka ipate karibu volti 0.6, na ya jemaniamu huamka kwenye volti 0.2 au 0.3, kwa hiyo huhisi mawimbi madogo ambayo mwenzake huyapita. Mwisho tukanunua rizista: kumi na mbili za omu 100 zenye kustahimili wati 1, na ishirini za omu 1,000. Alizikagua moja moja ziwe za kaboni. Ziko nyingine ambazo ndani yake ni waya uliosokotwa. Hizo mbele ya mawimbi ya redio hugeuka koili na kuharibu hesabu yote.

DARAJA LA RIZISTA

Kipimo alichokitengeneza usiku ule ni cha namna ya kale, kinachojengwa juu ya kanuni iitwayo daraja. Kanuni hiyo iligunduliwa na Samuel Hunter Christie mwaka 1833, na ikaenezwa na Charles Wheatstone mwaka 1843, wote Waingereza, kabla ya redio kuwapo.

Fikiri mfereji mmoja unaogawanyika njia mbili. Katika njia ya kwanza kuna vizuizi viwili vilivyo sawa, kimoja juu na kimoja chini. Katika njia ya pili, cha juu ni sawa na vile, na cha chini ndicho usichokijua. Sasa toboa katikati ya kila njia na uunganishe matundu hayo kwa bomba. Ikiwa kile usichokijua ni sawa na wenzake, maji katika matundu yote mawili yana nguvu sawa, na ndani ya bomba hakipiti kitu. Kikizidi au kikipungua, maji hukimbilia upande mmoja.

Hivyo ndivyo shemeji alivyofanya kwa umeme. Vizuizi vitatu ni omu 50 kila kimoja. Kwa kuwa rizista za omu 50 kamili hazipatikani kwa urahisi, aliunga mbili za omu 100 sambamba, na mbili hizo hufanya 50. Cha nne ndiyo antena yenyewe. Katikati, mahali pa bomba, aliweka dayodi, kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.01, kidhibiti cha kuzungusha cha kupunguzia nguvu, na ile sindano ya tepu rekoda. Vyote alivilehemu ndani ya mkebe wa bati, nyaya zikiwa fupi kama kucha, maana katika kazi hii waya mrefu ni kiungo kingine usichokikusudia. Soketi moja ya kuingilia, moja ya kutokea, basi.

Kipimo cha namna hii kina faida na hasara, na ni haki kuzitaja zote mbili. Faida ni kwamba kinaulinda mtambo. Hata antena ikikatika kabisa, mtambo huona omu 100 tu, ambazo ni uwiano wa 2. Na antena ikigusana waya kwa waya, huona omu 33, ambazo ni uwiano wa 1.5. Hasara ni kwamba kinakula. Hata antena ikilingana sawasawa, robo tu ya nguvu ndiyo inayoifikia, na iliyobaki huishia katika rizista kwa kuzipasha moto. Kwa hiyo hutumiwa kwa wati chache, tano hivi, na kwa muda mfupi. Ukisha kupima, unakiondoa.

KUIPIMA MIZANI

Hapa ndipo nilipoona tofauti ya kipimo cha kununua na cha kutengeneza. Shemeji hakukikimbiza kwenye antena. Kwanza alikihukumu.

Aliwasha mtambo kwa wati 5, soketi ya antena ikiwa tupu, akazungusha kidhibiti mpaka sindano ikafika mwisho. Hapo ndipo mahali pa kila kitu kurudi. Kisha akaunga rizista mbili za omu 100 sambamba, yaani omu 50, akaziweka mahali pa antena. Sindano ikaanguka mpaka sifuri. Akaweka rizista moja tu, omu 100: sindano ikasimama kwenye thuluthi moja, na hapo akaandika 2. Akaweka tatu pamoja, ambazo ni omu 33: sindano ikasimama kwenye sehemu moja ya tano, akaandika 1.5. Akaweka nne, omu 25: ikarudi kwenye thuluthi. Maana 25 ni nusu ya 50 na 100 ni mara mbili yake, na uwiano wake ni ule ule wa 2. Nusu ya njia ni uwiano wa 3.

Kwa rizista sita alizobakiza, mzee aliyestaafu alijiandikia kipimo mezani kwake, na hakuna alichohitaji kuamini kwa kuambiwa.

Kisha akajenga kitu cha pili, mzigo wa bandia. Rizista ishirini za omu 1,000 ukiziunga sambamba hufanya omu 50. Alizipanga ndani ya mkebe wa Kimbo ulio mtupu. Mzigo huu hula nguvu ya mtambo bila kuirusha hewani, nao hutumiwa kuupima mtambo wenyewe. Akaunga dayodi ya pili na mita yake ya volti, na mita ikasoma volti 22 hivi. Hesabu yake ni nyepesi: 22 mara 22, ugawe kwa 100, unapata wati 4.84.

"Shemeji," nikamwambia, "maiti gani huyu anayetoa wati tano?"

Akacheka, kisha akanyamaza. Mtambo ulikuwa mzima. Asubuhi tukafunga daraja letu kwenye kebo ya antena. Sindano ikalala karibu na sifuri, vilevile kama kile cha dukani kilivyosema. Mtambo mzima, antena nzima, kipimo cha haki. Na Muscat hawasikii! Tulikaa tukitazamana kama watu waliopotelewa na ngalawa mchana.

SWALI LA MWENYE DUKA

Dada alikuja na chai, akatukuta katika hali hiyo. Shemeji akamweleza. Dada akasikiliza, kisha akasema, "Mimi sijui mambo ya redio. Lakini mteja wangu akilalamika uzito, kitu cha kwanza naondoa kila kilichomo juu ya mizani, naitazama ikiwa tupu. Nyinyi mmekwisha kuitazama tupu?"

"Tumeitazama usiku kucha," akasema shemeji.

"Hapa mezani," akasema dada. "Na huko juu je?"

Shemeji aliweka kikombe chini. Akapanda darini, akaifungua antena kutoka kwenye kebo, akaniita kwa sauti nibonyeze mtambo. Sasa kebo ilikuwa haina kitu mwisho wake. Sindano ilipaswa kuruka juu. Haikuruka. Ilisogea kidogo mpaka kwenye sehemu moja ya kumi, ikasimama. Mizani ilikuwa tupu, nayo bado inasema kuna kilo!

Basi siri ikafichuka. Kipimo hakikusema uongo. Kilijibu kile kilichoulizwa. Kiliulizwa ni kiasi gani kinarudi, kikajibu, hakirudi kitu. Sisi ndio tuliodhani kwamba kisichorudi kimekwenda angani. Kumbe kilikuwa kinafia njiani.

Hesabu yake ni hii. Kebo ikiwa mbovu kiasi cha kupitisha sehemu moja tu ya kumi ya nguvu, basi hata ikirudi yote kutoka juu, ikishuka itapunguzwa tena mara kumi. Kitakachofika chini ni sehemu moja ya mia, na kipimo kitaandika uwiano wa 1.2, ambao kila fundi angeuona mzuri. Kadiri kebo inavyokuwa mbovu, ndivyo sindano inavyozidi kusifu.

SHAHIDI WA PILI

Shemeji sasa alikuwa amekwisha kujifunza kutokuwa na haraka. "Shahidi mmoja hatoshi," akasema. "Kabla ya kununua hata kebo, nataka wa pili."

Shahidi huyo wa pili alijengwa kwa saa moja. Alisokota waya mizunguko 10 juu ya kipande cha bomba la plastiki chenye upana wa sentimita 2.5, akaunga ile kapasita ya kutafutia stesheni, dayodi iliyobaki, sindano ya tepu rekoda, na waya wa mita moja uliosimama kama antena ndogo. Hakuna betri ndani yake. Nguvu inayosukuma sindano ni yale mawimbi yenyewe yanayopita hewani. Kipimo hiki hakisemi nguvu ni wati ngapi. Husema tu leo ni zaidi au pungufu ya jana, mradi kikae mahali palepale na mtambo uwe na nguvu ileile. Lakini hicho ndicho kilichotakiwa, maana chenyewe hakijali kinachorudi, kinajali kilichotoka.

Tulikiweka mwisho wa dari, tukatia alama ya chaki. Kwa kebo ya zamani sindano ilifika 2. Tukashusha kebo hiyo, shemeji akaichana kwa kisu karibu na kiungo cha juu. Gamba la nje lilikuwa na ufa mdogo. Ndani yake waya za shaba zilizofumwa, zinazopaswa kung'aa, zilikuwa nyeusi zenye ukijani, na tone la maji likadondoka kwenye kiganja chake. Masika yalikuwa yameingia kupitia ufa ule, yakateremka ndani ya kebo kama mafuta ndani ya utambi.

Kebo mpya ikafungwa, kiungo chake kikazungushiwa utepe wa mpira mara tatu. Sindano ya shahidi wa pili ikapanda kutoka 2 mpaka 6.

Na shahidi wa kwanza je? Huyo sasa akalalamika! Daraja likaonyesha uwiano wa karibu 2. Mimi nikasikitika, shemeji akafurahi. Kwa mara ya kwanza tangu masika alikuwa akiiona antena yake yenyewe, si kebo yake. Alibadilisha masafa polepole, akaona sindano inashuka chini kabisa kwenye megahezi 13.7, wakati alitaka 14.2. Masafa yakiwa chini ya unayoyataka, maana yake waya ni mrefu mno. Antena ya namna hii, iliyokatwa katikati na kulishwa hapo, urefu wake kwa mita hupatikana kwa kugawa 143 kwa megahezi, kwa 14.2 ni mita 10 na kidogo, au kwa kipimo cha mababu zetu, pima tano na nusu. Wake ulikuwa mita 10.4. Alipunguza sentimita 18 kila upande, na sindano ikalala, safari hii kwa haki. Shahidi wa pili akapanda tena kidogo.

Kwa anayetaka kufuata njia hii, yako maonyo mawili. Waya wa antena usipite karibu na nyaya za umeme, juu wala chini yake, maana zikigusana ni mauti. Na mawingu ya radi yakikusanyika, kama yanavyofanya Ruiru na Thika nyakati za mvua, kebo itolewe kwenye mtambo na iwekwe nje ya nyumba.

MASHINE ZA SIKU HIZI

Msomaji aweza kuuliza, kwa nini taabu yote hii? Ni kweli kwamba tangu mwaka 2019 hivi imeenea mashine ndogo iitwayo NanoVNA, inayotosha kiganjani, ambayo huchora hali ya antena kwenye kioo kwa sekunde chache. Bei yake si kubwa ikilinganishwa na mitambo ya maabara iliyotangulia, na kijana anayeweza kuipata asiikatae. Kwa mashine hiyo unaweza kuufungua mwisho wa kebo na kuona upotevu wake mara moja.

Lakini lazima ujue kuufungua mwisho wa kebo. Mashine haitakuambia panda darini. Na kabla ya kuitumia, yenyewe hutaka ionyeshwe vitu vitatu vinavyojulikana: soketi iliyo wazi, iliyofungwa, na omu 50. Yaani hutaka kufanyiwa kile kile alichofanya shemeji mezani kwa rizista zake. Aliyejenga daraja kwa mkono wake anaelewa kwa nini. Asiyejenga hufuata maagizo tu, na siku maagizo yakikosewa hatajua.

Ziko pia njia za bure za kujihakikishia. Duniani kuna minara 18 ya redio ya ridhaa inayotangaza kwa zamu, kila mmoja sekunde 10, na zamu huzunguka kila dakika 3, kwa masafa ya megahezi 14.100 na mengine manne. Mmoja wao ni wa Kenya, alama yake 5Z4B. Kila mnara huanza kwa wati 100, kisha 10, kisha 1, kisha moja ya kumi. Mtu akiwa na sikio na saa anaweza kujua njia gani za anga ziko wazi na redio yake inasikia mpaka wapi.

Ijumaa ile nilikuwa bado Ruiru. Baada ya alasiri shemeji alikaa mbele ya mtambo wake wa zamani, ule uliokuwa umehukumiwa kufa, akaita. Dada alikuwa amefunga duka kwa muda, amesimama mlangoni na kanga yake mabegani dhidi ya baridi. Kelele za hewa zikapita, kisha sauti ikatoka Muscat, sauti ya mtu mzima yenye lafudhi ya Lamu isiyopotea kwa miaka yote hiyo: "Alhamdulillahi! Leo umetoka mtunginI mwako. Ulikuwa wapi?"

Shemeji alimtazama mkewe kabla ya kujibu.

"Nilikuwa na mizani mbovu," akasema. "Mwenye duka amenitengenezea."

Akiba ya dada ilibaki mahali pake, na mwezi uliofuata duka likajazwa. Mkebe wa daraja na ule wa shahidi wa pili vimo kwenye rafu, kando ya redio, na katika kila mmoja shemeji amebandika karatasi yenye namba za rizista alizoupimia. Atakayeurithi ataweza kuujaribu mwenyewe.